Fundi wa Lifti na Maneno Yenye Mikia

Fundi alikuwa na lifti mbili na mke mmoja, na kwa miaka thelathini na minne alijisifu kwamba akisikia mlio tu, anajua nani kati yao ana tatizo gani. Jengo alilolitunza lilikuwa la ghorofa tisa. Ghorofa ya tatu ilikuwa ofisi ya bima, ya tano daktari wa meno, ya saba mawakili, ya tisa chuo cha kompyuta. Lifti ya mbele ilitazama mlango mkuu, ya nyuma ilitazama maegesho ya magari. Zote mbili alizipaka grisi kwa mkono wake, alizisemesha zikigoma, na zikipona alizipapasa ubavuni kama mtu anayempongeza ng'ombe.

Kiingereza alikuwa nacho cha kumtosha. Alijua "up", alijua "down", "open", "close" na "please". Mtu anayeshinda kwenye lifti anahitaji nini zaidi?

Kisha akaja Injinia. Huyu alikuwa mama mrefu, mgeni kutoka nje, meneja mpya wa jengo. Kiswahili chake kilikuwa "asante" na "pole" basi, lakini Kiingereza kilimtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Hakuwa na ubaya hata kidogo. Alicheka na kila mtu, alishika milango ili wazee wapite. Shida yake ilikuwa moja: aliwatumia wafanyakazi maagizo kwa simu kama anayepiga soga na dada yake.

Jumatatu moja, saa tatu asubuhi, simu ya Fundi ikalia mfukoni mwa ovaroli. Ujumbe ulisema: "The back lift is acting up again. Go ahead and shut it down before somebody ends up getting stuck."

Fundi akavaa miwani, akausoma kwa kidole. "Back lift", lifti ya nyuma, hiyo sawa. "Acting up", hapo akajikuna kichwa. Kuigiza, juu. Akawaza, huenda wale wa chuo cha kompyuta huko ghorofa ya tisa wana mchezo wa kuigiza leo. Alipofika kwenye "go ahead" uso ukamkunjuka, maana hapo hapakuwa na utata wowote: nenda mbele. Nenda mbele, kaifunge. Kwa hiyo lifti ya nyuma itawapeleka wageni juu kwenye maigizo, na ya mbele ifungwe. "Stuck", kukwama, alilijua vizuri, ni neno la kazi, na lilipomwingia akilini akaanza kutembea haraka zaidi.

Akaenda mbele. Akaizima lifti nzima, lifti yenye afya yake, akaning'iniza kibao cha "Haifanyi kazi", akaridhika. Ile ya nyuma, ambayo ndiyo Injinia aliyotaka izimwe kwa kuwa ilikuwa ikitetemeka kama mgonjwa wa homa tangu Ijumaa, akaiachia jengo zima.

Ilichukua dakika ishirini tu. Lifti ya nyuma ikasimama kati ya ghorofa ya nne na ya tano, na ndani yake alikuwemo Injinia mwenyewe, pamoja na mzee mmoja aliyekuwa ametoka kung'olewa jino. Mzee alikuwa na pamba mdomoni na ganzi mpaka sikioni. Fundi akapanda ngazi mbio, akatega sikio mlangoni. Injinia akapaza sauti kwa Kiingereza, mzee akasema jambo lililosikika kama "uuwa a-u-u", na Fundi akawajibu wote wawili, "Please, please!"

"Come on!" Injinia akapiga kelele, akimhimiza afanye hima. "Come on, come on!"

Sasa, "on" ni juu ya kitu. Kila mtu anajua. Kikombe kiko "on" meza. Fundi akafikiri kwamba, kwa hali ilivyo, mama wa watu anajua anachosema. Akafungua mlango wa ghorofa ya tano kwa ufunguo wake wa kazi, akashuka taratibu, akasimama juu ya paa la lifti.

Walio ndani wakasikia hatua za viatu vizito juu ya vichwa vyao. Mzee akatema pamba.

Bahati ilikuwa upande wa Fundi. Kutoka pale alipokuwa aliliona komeo la mlango lililong'ang'ania, akaligonga mara mbili kwa spana, likaachia. Wakatoka kwa kupanda, Injinia akimsukuma mzee kwa chini na Fundi akimvuta kwa juu.

Injinia hakugomba. Alimwita ofisini, akamkalisha, akaomba karani wake atafsiri. Fundi alikuwa ameshajiandaa kusikia maneno ya kwaheri.

"Anasema," karani akaanza, "baada ya wiki sita anakuja mkaguzi wa lifti kutoka nje. Mkaguzi atataka kuongea na mtu anayezitunza kila siku. Anasema anataka huyo mtu awe wewe, kwa sababu hajaona anayezijua kama wewe."

"Mwambie nashukuru."

"Anasema bado. Anasema usipoelewa maagizo, siku moja mtu ataumia. Ukaguzi ukifika na bado humwelewi, itabidi atafute mwingine. Na anasema 'pole'."

Hiyo "pole" Injinia aliisema mwenyewe, kwa Kiswahili, na macho yake yalionyesha anaimaanisha. Ndiyo iliyomuuma Fundi kuliko yote.

Binti yake wa kwanza alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari, na ndiye aliyewapa wazazi wake majina yao: Baba Mwalimu na Mama Mwalimu. Jioni ile Fundi alipomsimulia, binti alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Juu ya paa, baba?"

"Si ndiyo alivyosema! Cheka ukimaliza unisaidie."

Binti akajifuta machozi. Akamweleza kwamba Waingereza wana vitenzi vyenye mikia. Kitenzi ni kifupi tu, "go", "put", "give", lakini kikifungwa mkia wa "up" au "off" au "out", kinageuka kuwa mnyama mwingine kabisa. "Give" ni kutoa, "give up" ni kukata tamaa. Akamletea orodha ya vitenzi mia mbili, vimepangwa kwa namba, kila kimoja na maana yake.

Fundi akavikariri kama mtoto anayekariri jedwali la kuzidisha. Alivisema akinyoa ndevu, alivisema akipiga viatu rangi. Asubuhi moja mkewe, fundi cherehani asiyependa mafumbo, akagonga mlango wa bafuni.

"Baba Mwalimu, nasikia 'give', 'give', 'give'. Unagawa nini humo ndani?"

Wiki mbili zikapita, orodha yote ikamkaa kichwani, na Fundi akasimama kwenye lifti yake akisubiri kusikia matunda. Akasubiri sana. Hakuna mtu hata mmoja aliyeingia akasema "give up" halafu akanyamaza. Maneno yalipita kasi, yameshikana mikono, na kabla hajalitambua moja, mlango ulikuwa umeshafunguka.

Mpaka Alhamisi moja, mwanamke mmoja wa ofisi ya bima akamwambia mwenzake, "I keep putting off going to see that dentist."

Fundi akashtuka kama aliyeitwa jina. "Put off" alikuwa nalo, namba mia na thelathini na moja, kuahirisha. Lakini humu halikuja peke yake. Mbele limetanguliwa na "keep", nyuma limefuatwa na "going", na "going" nalo limeshika mkono wa "to see". Lilikuwa kama treni yenye mabehewa manne, na orodha yake ilimpa behewa moja tu. Akaiandika sentensi nzima kwenye kiganja, na siku ile hakunawa mkono wa kushoto.

"Mwalimu," akamwambia binti yake mezani, "haya maneno yako hayatembei peke yake."

"Kivipi?"

"Yana marafiki zake. 'Keep' ikitangulia, ujue mtu anaahirisha kila siku, si mara moja. 'Go ahead', yaani haya anza, inataka 'and', halafu kitendo. Na 'end up', kuishia, hii nimeisikia mara tatu leo. Haikubali kukaa peke yake, lazima ivute kitu chenye 'ing' nyuma yake. Wakili kasema 'ended up paying'. Karani kasema 'ended up crying'. Daktari wa meno kasema 'ended up pulling out the wrong one'."

"Wrong nini?" mkewe akauliza.

"Jino. Kang'oa lisilo lenyewe."

"La nani?"

"Hakusema. Alishuka ghorofa ya tano."

Binti alikuwa ameacha kula. Alikuwa amefundisha mambo haya kwa miaka sita, na kila mwaka wanafunzi wake waliikariri orodha ile ile na kuandika sentensi ambazo hakuna binadamu angezisema. Kesho yake akamnunulia baba yake daftari lenye jalada gumu.

Watu wakiingia kwenye lifti huinua macho wakatazama namba, na wanaongea kana kwamba mtu mwenye ovaroli ni sehemu ya ukuta. Wengine wangesikiliza umbea, Fundi alisikiliza sarufi. Hakuandika jina la mtu. Aliandika sentensi, chini yake tafsiri kwa Kiswahili, na pembeni ghorofa ilikotoka. Kufikia wiki ya nne daftari lilikuwa limejaa nusu, na ujumbe wa Injinia alikuwa anausoma bila kidole.

Hapo ndipo mkewe alipofua ovaroli.

Alilikuta daftari mfukoni. Akalifungua apate kulianika kama limeloa, na macho yakatua kwenye mwandiko wa mumewe: "Nafikiria kuachana naye na kutoroka." Chini yake: "Siwezi kuendelea kujifanya naelewana na mama yake." Juu ya kila mstari kulikuwa na Kiingereza, lakini nani angehangaika na Kiingereza baada ya kuona Kiswahili kama hicho? Na Kiswahili chenyewe hakisemi huyo "naye" ni mume au mke.

Alipika, akapakua, akamwambia mumewe "Karibu chakula, Baba Mwalimu" kwa adabu ya kumkaribisha mgeni rasmi. Tangu waoane hajawahi kumkaribisha chakula kwa adabu hiyo bila kuwepo mtu wa tatu. Fundi, mtaalamu wa kusikia milio, akashukuru na kuomba mchuzi zaidi.

Jumapili mchana, akiwa amejinyoosha kwenye kochi, akasikia hodi. Aliingia shangazi wa mkewe, mkunga mstaafu, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, aliyezalisha nusu ya watu wa mtaa ule na bado aliwatazama kama aliyewaona uchi. Alikuwa na mkoba wa safari. Fundi akainuka.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Kaa." Mwenyewe akakaa, kiti kikalia. "Mkwe wangu, unatoroka lini?"

"Natoroka kwenda wapi?"

"Hilo ndilo lililonitoa kwangu."

Mkewe akatoka chumbani na daftari. Akasoma mistari ile miwili kwa sauti ya karani wa mahakama. Fundi akavuta pumzi ya mtu aliyepona.

"Aa, hiyo! Shangazi, hayo ni maneno yenye mikia. 'Break' ni kuvunja, 'up' ni juu..."

"Kwa hiyo unaivunja nyumba kuanzia juu."

"Hapana! Si maneno yangu. Ni ya mwanamke mmoja wa ghorofa ya tatu."

Mama Mwalimu akamtazama shangazi, shangazi akamtazama Mama Mwalimu.

"Ahaa," akasema shangazi. "Kuna mwanamke. Ghorofa ya tatu. Anaitwa nani?"

"Sijui jina lake. Tunakutana kwenye lifti tu."

"Hata jina hamuulizani! Mnakutana mara ngapi?"

Fundi alikuwa mtu wa kweli, na swali liliulizwa wazi, basi akalijibu. "Mara nne kwa siku. Mara tano, akisahau mwamvuli."

Mkewe akaweka mikono kichwani. Shangazi akaanza kukunja mikono ya gauni. Kwa neema, mlango ukafunguka tena na binti akaingia kutoka saluni, nusu ya kichwa kimesukwa, kwa maana jirani alikuwa amemfuata huko kumwambia kwao kuna kikao.

Alipoelezwa, alilichukua daftari, akarudi kurasa chache.

"Mama, kabla hamjaendelea. Hapa baba ameandika, 'Nimeishia kung'olewa magego ya mwisho yote manne.' Baba ana magego?"

"Anayo."

"Hapa anasema, 'Nimechoka kuwavumilia mawakili wenzangu.' Baba ni wakili?"

"Huyu?"

"Na hapa," binti akasoma polepole, neno kwa neno, "'Nafikiria kuacha kunyonyesha, maana ameanza kuniuma.' Mama, niambie ukweli. Baba ananyonyesha?"

Shangazi ndiye aliyeanza. Kwanza mabega yakatikisika, kisha kiti, kisha kilemba kikaanguka na hakuna aliyekiokota. Akamnyooshea Fundi kidole, akijaribu kusema neno la kitaalamu kuhusu unyonyeshaji, lisitoke. Mama Mwalimu alijikaza kwa muda, akauma mdomo, halafu naye akashindwa. Fundi peke yake hakucheka. Alikuwa akitafuta kalamu, kwa sababu amekumbuka kwamba kwenye sentensi ya kunyonyesha alisahau kuandika "ing".

Hata hivyo, mke ni mke. Jumatatu Mama Mwalimu akafunga cherehani mapema, akavaa gauni zuri, akaenda kupanda lifti ya mumewe mara sita, juu na chini, akijifanya anatafuta ofisi. Mwanamke wa ghorofa ya tatu alimwona. Walisalimiana vizuri. Jioni akarudi nyumbani akiwa ameridhika, na ameandika sentensi mbili nyuma ya risiti ya nyuzi. "Hizi huna," akamwambia mumewe. Kweli hakuwa nazo.

Siku ya ukaguzi ikafika. Mkaguzi alikuwa bwana mfupi, safi, mwenye mkoba wa ngozi, raia wa nchi nyingine tena ambako Kiingereza si cha nyumbani. Chake kilikuwa cha vitabuni, kimepigwa pasi na kukunjwa: "postpone", "examine", "discontinue". Injinia akampokea kwa furaha, akampeleka chumba cha mashine, akaanza kueleza.

"We were thinking of doing away with this old panel, but we kept putting it off and ended up having to patch it up."

Mkaguzi akatabasamu kwa heshima. "I beg your pardon?"

Injinia akarudia, haraka zaidi, akidhani tatizo ni kelele za mashine. Fundi, aliyesimama nyuma yao ameshika spana kifuani kama mwanafunzi aliyeshika kitabu, akaiona shingo ya mkaguzi ikianza kutota. Alimjua mtu yule. Alijua hasa kinachopita kichwani mwake wakati ule.

"Go ahead and look it over," akasema Injinia, akimwonyesha paneli ya swichi.

Mkaguzi akapiga hatua moja mbele. Akafikiri. Akainuka kwa vidole vya miguu, akachungulia kwa juu, nyuma ya paneli, ambako hapakuwa na kitu ila vumbi na buibui mmoja.

Fundi akakohoa. "Sir," akasema, "'go ahead' is begin. 'Look over' is examine."

Mkaguzi akageuka kama aliyeitwa na ndugu yake ugenini. "Ah! Examine!"

"First, they want to remove this. Then they postpone, postpone, every day postpone. In the end, they repair."

"Ah! Thank you! Thank you very much!"

Kwa saa mbili zilizofuata Fundi alitafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kiingereza. Injinia alisema, Fundi alikata mikia, mkaguzi aliandika. Mkaguzi akiuliza kwa maneno yake makubwa ya kitabuni, Fundi aliyashusha chini kwa vidole, kwa spana na kwa kufungua vifuniko, kwa sababu hapo sasa mambo yalikuwa ya lifti, na kwenye lifti hakuna aliyehitaji kumfundisha. Mara moja tu alikwama, alipoulizwa kuhusu "lubrication", mpaka alipomwonyesha mkaguzi mikono yake miwili yenye grisi na mkaguzi akapiga makofi.

Ripoti ilikuja baada ya wiki moja. Lifti ya mbele ilipasi. Ya nyuma iwekewe komeo jipya la mlango. Ukurasa wa mwisho mkaguzi aliongeza kwamba fundi wa jengo ana ujuzi mkubwa na Kiingereza bora kabisa, ila meneja wake ni vigumu kidogo kumwelewa, pengine asaidiwe. Injinia aliusoma ukurasa huo kwa sauti mbele ya wafanyakazi wote, akicheka mpaka akashika ukuta. Fundi akabaki kazini, na binti yake akaomba ruhusa ya kunakili daftari kwa ajili ya kidato cha tatu, ukurasa wa kunyonyesha ukiachwa.

Injinia naye akaamua kwamba sasa ni zamu yake, akamwomba Fundi amfundishe Kiswahili. Fundi akaanza na "piga", kwa kuwa aliona ni neno lenye kazi nyingi: piga simu, piga picha, piga pasi, piga mswaki, piga hodi. Injinia aliduwaa. "And nobody gets beaten up?" akauliza. Fundi akamhakikishia kwamba hakuna anayepigwa wala kuumia.

Asubuhi iliyofuata Injinia akapita getini, ambako kulikuwa na mlinzi mpya, kijana wa watu, mwoga. Alitaka kumwambia kwamba atampigia simu saa kumi kuhusu funguo. Akasimama, akatabasamu vizuri, akasema kwa kujiamini, "Saa kumi nitakupiga."

Mlinzi akauliza amekosa nini.

"Usiogope," akasema Injinia, "nitakupiga kidogo tu."

Saa tisa na nusu geti lilikuwa halina mtu. Fundi alimkuta mlinzi juu, kwenye chumba cha mashine, amejibanza nyuma ya tanki la maji.

"Si 'nitakupiga', ni 'nitakupigia'," Fundi akamtuliza baada ya kusimuliwa. "Ni herufi moja tu imempotea."

"Basi mwambie aitafute kwanza," akasema mlinzi. "Akiipata, nitashuka."